Maswali ya Wasomaji: Mama Anayelea Peke Yake Katika Muziki Mpya wa Minangkabau

SWALI: Mwalimu, baada ya salamu. Katika toleo lililopita uligusia kwamba watunzi wa Sumatra Magharibi, nchini Indonesia, wanatunga muziki mpya wenye asili ya Kiminangkabau kuhusu wanawake wanaolea watoto peke yao. Nimestaajabu kidogo. Ninavyofahamu, Waminangkabau hufuata ukoo wa mama, na nyumba na mashamba ni ya wanawake. Ikiwa hivyo ndivyo, mama wa huko ana haja gani ya kuimbiwa ustahimilivu, na ilhali msaada anao tayari? — Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu wa Tanga, uliyoyasoma ni ya kweli. Waminangkabau, ambao sensa ya Indonesia ya mwaka 2010 iliwahesabu kuwa zaidi ya milioni 6, ndio jamii kubwa kuliko zote duniani inayofuata ukoo wa mama, nao ni Waislamu. Mtoto huingia katika suku, yaani ukoo, wa mama yake. Mashamba ya mpunga yaliyorithiwa tangu enzi za mabibi hayauzwi ovyo, kwani ni mali ya ukoo mzima, na hupita kutoka kwa mama hadi kwa binti. Nyumba kubwa ya ukoo, rumah gadang, yenye paa lililochongoka pande mbili kama pembe za nyati, ilikuwa na vyumba vya mabinti walioolewa, wala haikuwa na chumba cha mtoto wa kiume. Kijana alilala surau, mahali pa kusalia na kusomea Kurani, na alipooa alikuwa mgeni wa usiku katika nyumba ya mkewe. Waminangkabau wenyewe humfananisha mume huyo na majivu juu ya kisiki: upepo ukivuma, yamekwenda.

Kwa utaratibu huo, talaka haikumtoa mwanamke nyumbani. Aliyefunga mizigo ni mwanamume. Watoto walibaki na mama, na aliyewaongoza ni mamak, mjomba wao, ambaye kwa mila ana wajibu juu ya watoto wa dada yake pamoja na wale aliowazaa mwenyewe. Wasomaji wa Ngazidja, ambako nyumba hupita kwa mabinti, au wa Lindi na Mtwara, ambako mjomba ana sauti, hawatashangazwa na habari hii.

Ila mila hiyo ilisimama juu ya nguzo kadhaa, na baadhi ya nguzo zimelegea. Ya kwanza ni merantau, desturi ya wanaume kwenda mbali kutafuta maisha. Kuna pantun, yaani ubeti wa mistari minne, ambao kila Mminangkabau anaujua:

Karatau madang di hulu,
babuah babungo balun;
marantau bujang dahulu,
di rumah paguno balun.

Mistari miwili ya kwanza inataja mti wa juu mtoni ambao bado haujazaa wala kuchanua. Miwili ya mwisho inamwambia kijana aende ugenini kwanza, maana nyumbani bado hana faida. Wengi huenda na kurudi wakiwa na kitu mkononi. Wengine hawarudi, na yule aliyeachwa hana talaka wala hana mume. Pamoja na hayo, familia nyingi sasa huishi katika nyumba za kupanga Padang, Pekanbaru au Jakarta, mbali na rumah gadang na mbali na mamak, ambaye naye ana mke na watoto wake wanaomdai ada. Shamba la ukoo humpa mama mchele, lakini karo, nauli na dawa hununuliwa kwa fedha taslimu. Juu ya yote hayo, sheria ya ndoa ya Indonesia ya mwaka 1974 inamtaja mume kuwa ndiye mkuu wa familia, hivyo mwanamke anayeendesha nyumba peke yake hujikuta akijieleza mbele ya makarani kwa jambo ambalo bibi yake asingeulizwa.

Kwa hiyo mama huyo anabeba mizigo miwili. Ana shida zile zile za kila mama aliye peke yake, kisha anatazamiwa awe na nguvu za wanawake wa hadithi, kwa sababu amezaliwa katika jamii inayomwita mwanamke nguzo ya nyumba. Na hadithi zenyewe zimejaa akina mama wasio na waume. Bundo Kanduang, malkia wa Pagaruyung katika simulizi ya Cindua Mato, anasimuliwa kuwa alimpata mwanawe Dang Tuanku baada ya kunywa maji ya dafu la mnazi wenye rangi ya pembe ya ndovu, wala hakuna mume katika habari hiyo. Yule mjane maskini wa Padang, ambaye mwanawe Malin Kundang alirudi tajiri akamkana mbele ya watu, ndiye aliyeomba mpaka mwana akageuka jiwe. Mwamba wenyewe huonyeshwa hadi leo katika ufuko wa Air Manis. Mtunzi anayekaa kuandika muziki juu ya mama wa aina hiyo hana haja ya kuagiza habari kutoka nje. Amerithi malkia na mjane, na kazi yake ni kumtafuta mwanamke wa kawaida aliyeko kati ya hao wawili.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa muziki. Naelewa jinsi shairi linavyoweza kumzungumzia mama, lakini muziki wa ala, usio na maneno, unawezaje kueleza ustahimilivu? Na je, huu unaoitwa muziki mpya wenye asili si filimbi ya kienyeji tu iliyowekwa juu ya kinanda? — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Swali lako la pili ndilo linalogawa kazi nzuri na kazi mbovu, kwa hiyo nitayajibu yote mawili kwa pamoja, na nitachukua nafasi.

Katika mji wa Padang Panjang, kwenye baridi ya miinuko kati ya milima Marapi na Singgalang, kuna chuo cha sanaa ambacho mizizi yake ni ya miaka ya 1960. Mwanafunzi wa utunzi hapo, anapofika kwenye kazi yake ya mwisho, kwa kawaida hatakiwi kukusanya ala tu. Huchagua mtindo mmoja wa kijijini, akausikiliza mpaka akaona jambo moja mahususi katika utendaji wake, na jambo hilo ndilo analolikuza kuwa utungo mpya. Mwingine hubaki karibu na mtindo wa kale, mwingine huufasiri upya kabisa, na wapo wanaouchanganya na gitaa na ngoma za kisasa. Nidhamu hiyo ya kuanza na jambo moja ndiyo inayofanya muziki uweze kusema bila maneno, kwa sababu yale ambayo mtindo unayafanya tayari yana maana kwa wasikilizaji wake.

Chukua saluang, zumari la mwanzi mwembamba uitwao talang. Lina urefu wa kati ya sentimita 40 na 60 hivi, liko wazi pande zote mbili, lina matundu manne tu, na hupulizwa kwa kuliinamisha pembeni mwa mdomo. Mpigaji hatakiwi kukata sauti. Huvuta hewa kwa pua huku mashavu yakiendelea kuisukuma ile iliyobaki kinywani, na wenyewe huiita mbinu hiyo manyisiahkan angok, kuweka pumzi akiba. Msikilizaji aliye mbali husikia uzi mmoja usiokatika. Aliye karibu huona koo likijaa na mashavu yakifanya kazi, na husikia pia mkoromo mdogo wa hewa inayoingia. Kurekodi kwa kisasa huusafisha mkoromo huo. Kama ningekuwa mtunzi ningeuacha, hata ningeusogezea kipaza sauti, kwa maana jambo zima la mama anayelea peke yake limo humo: kinachoonekana na watu ni mfululizo, na gharama ya mfululizo huo iko kwenye pumzi inayoibwa katikati. Waminangkabau husema pia kwamba saluang nzuri hutoka kwenye mwanzi uliokuwa ukianikiwa nguo, au uliookotwa ukielea mtoni. Sitaliongezea neno hilo chochote, mwenye masikio na asikie.

Kisha kuna talempong, visahani vya shaba vyenye kitovu katikati, ambavyo hugongwa kwa kijiti. Katika talempong pacik wachezaji watatu husimama au hutembea, kila mmoja ameshika visahani viwili hivi kwa mkono mmoja na kuvigonga kwa mkono wa pili. Hakuna hata mmoja kati yao anayepiga wimbo kamili. Kila mmoja ana noti zake chache zinazoangukia kwenye nafasi zilizoachwa na wenzake, na wimbo huzaliwa hewani kati yao. Sasa sikiliza majina. Katika baadhi ya nagari, yaani vijiji vyenye mamlaka yake ya kimila, sehemu hizo tatu huitwa jantan, batino na pangawin: dume, jike, na mwozeshaji.

Mtunzi hahitaji maelezo zaidi ya hapo. Anaweza kuanza na watatu kama ilivyo ada, akamzoeza msikilizaji kwa dakika mbili tatu, kisha akaiondoa sehemu ya dume bila tangazo. Kinachofuata ni muziki wenye mashimo, na kila aliyekulia na talempong atayasikia mashimo hayo waziwazi, hata kama hawezi kuyaeleza. Hapo ndipo utunzi unapoanza. Je, jike aongeze kasi na kuyaziba yote, mkono wake ukichoka mbele ya macho ya watu? Je, sehemu ya mwozeshaji, ambayo sasa haina wa kumwozesha, ibadili kazi yake na kuwa bega la kuegemea, kama mamak anavyopaswa kuwa? Au mashimo mengine yaachwe yalivyo, muziki ujifunze kutembea nayo? Mimi huona njia hii ya tatu kuwa ndiyo ya kweli zaidi. Utungo unaomwonyesha mama akiziba kila pengo peke yake unapendeza ukumbini, lakini ni uongo mtamu.

Wanawake nao wana mitindo yao ambayo watunzi hawajaitumia vya kutosha. Huko Unggan, katika wilaya ya Sijunjung, talempong hupangwa juu ya kiunzi cha mbao na wachezaji wake wengi ni wanawake walioketi. Katika Tanah Datar kuna alu katentong, ambapo wanawake hutwanga kwa mapigo yanayopishana mpaka kinu kikawa ngoma. Msomaji yeyote aliyekulia katika ua wenye mchi zaidi ya mmoja ataelewa mara moja kwamba anayekosea zamu anahatarisha vidole vya mwenzake. Kazi ya mikono iliyokwisha kuwa muziki ni mali kubwa kwa anayetaka kumwonyesha mama bila kumlilia. Vivyo hivyo kitanda cha kufumia cha Pandai Sikek, karibu na Padang Panjang, ambako wanawake hufuma songket ya nyuzi za dhahabu: gogo la mbao linapogonga uzi, kisha kimya cha kuhesabu, kisha pigo jingine. Mfumaji mmoja wa songket aliwahi kuchorwa nyuma ya noti ya rupia 5,000. Heshima aliipata, japo noti yenyewe haikuwa kubwa.

Kuhusu kinanda, hofu yako ina msingi. Talempong za kijijini hazikulinganishwa na kinanda. Kila seti ina milio yake, na wenyeji huipenda ilivyo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 chuo kilianza kutumia talempong zilizosawazishwa kwa ngazi ya Kizungu, jambo lililowezesha kupiga nyimbo za redio pamoja na gitaa na besi, na ladha yake imeenea katika arusi na sherehe za serikali. Sina ugomvi na muziki huo. Lakini mtunzi akiziweka talempong hizo juu ya nyuzi laini za kinanda, akaongeza saluang inayolia mara mbili mwanzoni na mara moja mwishoni, kisha akauita utungo huo jina la mama, amepamba tu. Kipimo changu ni chepesi: ondoa ala za asili, weka nyingine yoyote mahali pake. Utungo ukibaki vile vile, basi asili haikuwamo tangu mwanzo.

SWALI: Assalamu alaykum. Umesema watu hawa ni Waislamu na wanajulikana kwa kushika dini. Je, mwanamke aliyeachika huruhusiwaje kuimba mbele ya wanaume hadi usiku wa manane? — Msomaji, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam. Waminangkabau hunena kwamba mila imesimama juu ya sheria, na sheria imesimama juu ya Kitabu cha Mungu, na wamelipigania suala hilo kwa karne mbili, tangu Wapadri wa mwaka 1803, ambao si makasisi bali ni wanamageuzi wa Kiislamu, walioyapinga mengi ya mila mpaka vita vyao na Waholanzi vikaisha mwaka 1837. Ubishi haujafungwa. Zamani hata katika randai, mchezo wa kuigiza unaochezwa katika duara, wanaume ndio walioigiza wanawake. Wanawake waliingia katika nusu ya pili ya karne ya 20. Kwenye saluang jo dendang, mkesha wa zumari na uimbaji, leo waimbaji maarufu wengi ni wanawake, nao husafiri kutoka mji hadi mji kwa malipo. Wapo wanaowastahi na wapo wanaowanong'ona, na mwimbaji asiye na mume hunong'onwa zaidi, ingawa pengine ndiye mwenye sababu nzuri zaidi ya kuwa kazini saa hizo. Redio na sahani za santuri zilisaidia kuizoesha sauti ya mwanamke. Elly Kasim, aliyefariki mwaka 2021, aliimba nyimbo za Kiminangkabau kwa miongo mingi na kuwa fahari ya watu wake.

Usisahau pia kwamba mji ule ule wa Padang Panjang ndio ambako Rahmah El Yunusiyah, baada ya kuachana na mumewe, alifungua shule ya wasichana mwaka 1923, na baadaye Al-Azhar ya Misri ikampa cheo cha Syaikhah. Hakuwa mwanamuziki. Namtaja kwa sababu anayedhani kwamba mwanamke asiye na mume katika mji huo ni jambo jipya, au ni aibu, ana historia ya kujibu.

SWALI: Mimi nina watoto watatu na ninawalea mwenyewe. Kusema kweli nimechoshwa na nyimbo zinazotusifu kwa kuvumilia. Sifa hazilipi kodi ya nyumba. Hawa watunzi wa Sumatra wana jipya gani? — Mama wa watoto watatu, Mombasa

JIBU: Mama, malalamiko yako ni ya haki, na yanawahusu hata watunzi hawa. Ipo hatari ya kumgeuza mama kuwa mnara, akasifiwa ili asisaidiwe.

Ila mila yenyewe inayo dawa, nayo imo katika mpangilio wa nyimbo za mkesha. Waimbaji wa dendang huzigawa nyimbo zao katika makundi: ratok, nyimbo za maombolezo, satangah tiang, ambazo ziko katikati, huzuni nusu na nafuu nusu, na nyimbo za furaha. Nyingi hubeba majina ya mahali, na Ratok Solok huhesabiwa miongoni mwa zile zinazouma zaidi. Mkesha wa ratok tupu hauvumiliki. Hadhira hutuma maombi na fedha, hutania, humchokoza mwimbaji kwa pantun, naye hujibu papo hapo. Huko watu wa pwani tungejisikia nyumbani. Pantun huanza na mistari miwili ya picha isiyohusiana na jambo, ikitayarisha vina tu, kisha hupiga. Kwa Kiswahili ningekutungia hivi:

Mchele umo kinuni,
mchi wapanda washuka;
ada imo mfukoni,
mdai ameshafika.

Muziki mpya unaomheshimu mama hauna budi kuwa na nafasi ya kicheko cha namna hiyo, na ya hasira, na ya siku ambayo haikutokea kitu. Mara nyingi watunzi vijana huchukua ratok peke yake, kwa kuwa maombolezo huonekana mazito na yanafaa jukwaani. Katika baadhi ya nagari za Solok wanawake walikuwa na ilau, maombolezo ya pamoja kwa ndugu aliyefia ugenini ambaye maiti yake haikuletwa. Ni kitu chenye nguvu sana, na naelewa kwa nini mtunzi angekitamani kwa ajili ya mke aliyeachwa na mume aliyepotelea mbali. Lakini ilau huliliwa na kundi. Kuitoa kinywani mwa kundi na kumpa mwimbaji mmoja aliyevaa nyeusi chini ya taa moja ni kuivunja, maana ustahimilivu wa ilau umo katika wale walioketi kando ya mfiwa.

Kuhusu kodi ya nyumba, nitakujibu bila kuzunguka. Mtunzi anayetaka habari zako akuulize kwanza, akueleze zitatumikaje, na akulipe muda wako kama anavyomlipa mpiga saluang. Nyimbo za kubembelezea watoto ulizozitunga mwenyewe ni utunzi, na ukiombwa uzitoe, jina lako liandikwe penye majina ya watunzi. Ikiwa watoto wako hawataki kutajwa, au wewe ndiwe hutaki, wasitajwe. Na kama kuna onyesho la kiingilio, uliza mapema mgao wako ni kiasi gani, kisha uandikiwe.